Mama Zege na Nguzo za Wodi ya Wazazi

Ndugu, jamaa na majirani, mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Zege, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, akiwa kitinda mimba wa mwashi na mshonaji, akasoma hadi chuo cha ufundi, na mwaka 1980 akaajiriwa katika maabara ya vifaa vya ujenzi.

Huko alipima uimara wa zege, akivikandamiza vipande vyake kwenye mashine hadi vipasuke, akiwaeleza mafundi bila kuchoka kwamba maji yakizidi zege hudhoofika, kokoto zenye udongo hazishikani na saruji, na zege lisiposhindiliwa vizuri na kumwagiliwa siku za mwanzo halikomai.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori la kokoto ambaye mzigo wake mama aliwahi kuukataa kwa uchafu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1993 mjomba wetu, kaka yake wa pekee, alisimamia ujenzi wa wodi ya wazazi, mafundi wake wakazidisha maji ili zege la nguzo limwagike kwa urahisi, na vipande vya majaribio vilipofikisha siku ishirini na nane vikapasuka kwenye mashine ya mama kwa mkandamizo mdogo mno, ndipo mjomba akamfuata mama nyumbani, akamwambia, "Mdogo wangu, nisitiri," naye akajibu huku analia, "Kaka, mle watalala vichanga, siwezi."

Nguzo zikavunjwa, mjomba akafukuzwa kazi, akasusa kukanyaga kwetu kwa miaka minane, na miaka yote hiyo geti likilia tu, mama aliinua kichwa.

Siku moja mwaka 2001 mjomba alisimama mlangoni, akasema, "Kesho namwaga zege la nyumba yangu, njoo uniangalizie maji," na mama akakimbilia mabuti yake, akayavaa palepale, hata hakusikia kwamba ni kesho.

Alianza kuugua figo Februari 2019, mjomba akawa ndiye anayempeleka kliniki, hadi alipofariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2022.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wenzake wa maabara, na mjomba wetu, ambaye ndiye aliyetakiwa kusoma maneno haya, akajaribu jana mbele yetu, sauti ikamkatika.

Mama, umechoka, pumzika sasa kwa amani.