Mzee Paskali Amsi, Mlinzi Aliyerudisha Mapanga

Kaka yetu Paskali Amsi alizaliwa Mbulu tarehe 14 Machi 1931, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Amsi na Mama Katarina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Hesabu zilimshinda, lakini miti aliijua yote kwa majina.

Mwaka 1956 aliajiriwa kuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi ulio juu ya kijiji chetu cha Sigino. Mwaka 1958 alifunga ndoa na Ursula, na sare yake ya kazi ndiyo aliyovaa kanisani. Alikuwa anajidai nayo, Mungu amrehemu!

Mwaka 1983, wakati hata sabuni haikupatikana madukani, aliwakuta akina mama wakikata kuni msituni, akawanyang'anya mapanga kumi na moja. Ndivyo sheria ilivyosema. Alisahau kwamba siku zile panga moja lilitumiwa na nyumba tatu.

Septemba msitu ukashika moto. Paskali akapiga yowe, watu wakasimama tu mashambani. Jirani yake Kandida, Mama Eustace, akamjibu: "Baba Leonsi, si ulisema msitu ni wa serikali? Basi iite ije izime."

Sehemu kubwa iliteketea. Asubuhi yake alibeba yale mapanga, akapita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Wakakubaliana: kuni kavu ruksa, chanzo cha maji kisiguswe, na kila nyumba ilinde kwa zamu. Wakubwa wake wakamtaka auvunje mpango huo. Alikataa, na Februari 1984 akafukuzwa kazi. Kuivua ile sare kulimuuma mno, tulimwona akilia. Lakini kila Alhamisi alipanda msituni na shati lake la shambani, kwa zamu kama wenzake.

Machi mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa Babati. Mwezi Mei ofisa mmoja wa misitu alifika kijijini akauliza mlinzi wa msitu ni nani. Mama Eustace akamwambia: "Yuko hospitali. Sisi tunamshikia." Paskali alipohadithiwa, alicheka hadi akakohoa. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 1986.

Ameacha mjane, Ursula. Watoto wanne, Leonsi, Severine, Wolfgang na Shani. Na wajukuu saba. Akina mama wametuuliza nani atashika Alhamisi. Ursula amejibu kwamba ni yeye, akimaliza matanga.

Ee Bwana, umpe Paskali pumziko la amani.