Shangazi na Wiki ya Forsooth

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuhariri kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili. Jina hilo alipewa na dereva wa ofisi, siku Shangazi alipomkemea kwa kula karanga juu ya karatasi za herufi B. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kufafanua "forsooth", neno la Kiingereza cha kale la kutilia mkazo. Aliandika: "Kwa kweli, hakika. Baadaye lilitumika zaidi kwa kejeli, kama tusemavyo eti." Mistari miwili tu, lakini aliipenda kama mtoto wa kwanza.

Ndiye pia aliyetuwekea kanuni: anayetaka neno lifutwe, sharti kwanza aishi nalo wiki nzima, alitumie mbele za watu. Wengi walinung'unika. Sisi tuliowahi kuondoka mahali kwa haraka, tukajuta baadaye, tulimwelewa upesi.

Mwaka jana ilibidi kamusi ipunguzwe, na neno la kwanza bosi wetu kulitaja lilikuwa "forsooth". Shangazi hakubisha. Alivua miwani, akamkumbusha kanuni. Jumatatu bosi alilitamka kwa aibu, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Jumatano dereva alichelewa tena, akasingizia pancha.

"Pancha, forsooth!" bosi akafoka. "Gari lina magurudumu mangapi hilo?"

"Na wewe bosi umeingia saa ngapi leo, forsooth?" dereva akamrudishia.

Chumba kizima cha chai tulivunjika mbavu. Ijumaa bosi aliondoa hoja mwenyewe. Shangazi alimmiminia chai, kisha akageukia dirishani kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Neno lipo hadi leo, na maelezo yake yaleyale.

Shangazi, kanuni yako tumeitumia kwako pia. Ulipokwenda likizo mwezi uliopita, tulijaribu kuishi wiki moja bila wewe. Herufi S ilikwama, chai ilikosa sukari, na wahariri wawili walinuniana kwa sababu ya nukta. Hoja ya wewe kuondoka imeanguka kwa kura zote. Bahati mbaya, sheria ya kustaafu haizijui kanuni zetu.

Asante kwa kila neno ulilotutunzia. Mapumziko yako yawe mema, forsooth. Na hapo tumekusudia maana ya kwanza.