Safi Kabisa, Nenda

Isikieni hiyo juu ya bati. Usiku kucha imegonga hivyo, tik tik tik, na si theluji, theluji haina kelele, ni mvua inayoganda ikigusa kitu, na kila nikiisikia namwona baba yenu. Njoo karibu, Celestine, mlete na mdogo wako Dora, nisikilizeni wanangu kabla uchungu haujarudi. Ndege ya wagonjwa iko uwanjani, wanataka kunipeleka kusini nikajifungue, na nisiporudi nataka maneno haya myashike ninyi, si kampuni ya ndege, wala si babu yenu mzaa baba, aliyekaa pale mlangoni anakunywa chai yangu kana kwamba hajui ninalotaka kusema.

Usiinuke, baba. Kaa. Leo utanisikia.

Ngozi ya kulungu niliyoilainisha ni ya Celestine, na shanga zote. Dora achukue kisu cha baba yenu. Mtakaa na shangazi Ernestine. Kwa babu msilale hata usiku mmoja.

Mnakumbuka Oktoba? Ilinyesha mvua kama hii, kisha theluji ikaifunika ndege, na watu wakatoka na vifagio vya majumbani, kama tunavyofanya siku zote ndege ikibeba watu wetu, tukafagia mabawa huku Leon, baba yenu, abiria siku hiyo, akitupigia kelele, "Msisahau makwapa yake!" Yakang'aa, tukapiga makofi. Yaling'aa kwa sababu chini ya theluji barafu ilikuwa imelala kama kioo, na kifagio kinaipangusa tu, na bawa lenye barafu haliinui ndege. Dawa ya kuiyeyusha ilikuwepo kwenye pipa, lakini hita yake imekufa tangu kiangazi, na dawa baridi ni kama maji tu. Babu yenu, wakala wa kampuni hapa kijijini, alijua. Rubani alifungua dirisha akamuuliza, "Mzee Modeste, mabawa safi?" Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. Akajibu, "Safi kabisa, mwanangu, nenda." Hakupanda ngazi. Hakuvua glavu. Ndege haikufika hata ng'ambo ya ziwa, ilianguka na baba yenu ndani.

Wachunguzi wa serikali walipokuja, akawaambia rubani hakumuuliza mtu. Na marehemu atajibu nini? Kijiji kizima kikanyamaza, kwa sababu hapa mzee habishiwi hadharani, sembuse na mkwe. Na kanuni zenyewe zinamwachia rubani achungulie dirishani aamue peke yake! Alhamisi wachunguzi wanarudi kuuliza kanuni zibadilishwe vipi. Celestine, utasimama useme: ndege isiondoke mpaka mtu wa pili apande ngazi, avue glavu, apitishe kiganja bawa zima, na akisema safi, neno hilo alijibie mbele ya sheria. Pasipo dawa ya moto, ndege ilale. Huo ndio urithi wenu. Halafu uwaambie babu alijibu nini.

"Unamtuma mtoto anifunge?"

Haya, amepata sauti.

"Leon alikuwa mwanangu kabla hajawa mumeo."

Alikuwa mwanao, baba, na ulimpungia mkono umevaa glavu.

Subirini... nipe mkono, Celestine... uchungu unarudi. Mwambie nesi sipandi. Sipandi mpaka mtu aliguse lile bawa. Tupa kipande cha mkate kwenye moto wa jiko, waliotangulia wapate kula, wanifungulie njia. Mkue, wanangu. Mshibe. Mpate watu wa kuwaambia ukweli usoni... Dora, usilie, mama anapumua tu.

Nani kafungua mlango? Kaenda wapi huyu? Mbona glavu zake ziko mezani?

...

Amerudi. Tazameni mkono wake, ngozi ya vidole imebaki kwenye chuma cha bawa.

"Kioo kitupu," anasema. "Nimemwambia rubani azime injini. Hainuki leo. Nesi anakuja, utajifungulia hapa."

Naogopa, baba. Hapa pia naogopa.

"Najua."

Na Alhamisi?

Anautazama mkono wake.

"Nitasema mwenyewe."

Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Lakini sema, neno kwa neno, ulivyoulizwa na ulivyojibu. Ukiwaambia wachunguzi, mimi na wanangu hatutamwambia mtu mwingine.