Jani la Isale Halipangi Timu

Kwenye basi la kushuka Moshi, mbele yangu walikaa Kornel, kocha wa timu yetu ya ligi, na mzee Eliona, tajiri wa mitumba anayeifadhili. Kocha alishika jani la isale aliloletewa na mzee. Huku kwetu ukiletewa jani hilo, unamsamehe hata aliyekuchomea nyumba.

"Umelipokea mbele ya watu," alisema mzee. "Kwa hiyo leo mwanangu Ronald anaanza."

"Ronald alitoroka mazoezi wiki mbili, akanitukana mbele ya wenzake. Nimemsamehe. Ataanzia benchi."

"Msamaha gani huo?"

"Wa kutoka moyoni, mzee. Namba ni kitu kingine."

"Jezi nimenunua mimi!"

"Basi zivae wewe. Wa kuzivaa leo nawachagua mimi."

Nilijaribu kumwona akilini mzee, na tumbo lile, akikimbia winga ya kulia.

"Kesho asubuhi nakufukuza!"

Basi likasimama kwenye geti la uwanja. Kornel akalitia jani mfukoni, akainuka na karatasi yake ya majina.

"Nifukuze, mzee. Ukinihitaji tena, masale yamejaa mpakani mwa shamba lako."