Samaki Anayehamia Koni

Kwenye lori la Koni nilikaa kati ya mama aliyeuza makayabo, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi, na papa mmoja, mzee wa makamo, aliyekumbatia ndoo. Ndani ya ndoo aliogelea samaki mmoja wa baharini, mdogo, rangi ya chungwa. Papa alimtilia hewa kwa pampu ya baiskeli, bila kupumzika.

"Papa, ile utakula na bukari?" mama akauliza, akiwaza ugali.

"Apana, mama. Ni ya kuangalia tu. Patron wangu wa kazi aliniachia, akarudia kwabo."

"Ya kuangalia! Kwangu batoto banaangalia nyungu." Akaligusa kwa mguu gunia lililolowa kando ya ndoo. "Na hii?"

"Pole pole! Majiwe ya bahari. Iko na uhai, bidudu binaishi ndani."

Mama alicheka mpaka makayabo yakatikisika. Mimi nilitazama nje. Papa akaeleza kwamba kwake Shituru umeme ulikatika, mashine ya hewa ikasimama, samaki wengine wote wakafa. Shemeji yake anakaa Koni, karibu na mitambo yenyewe ya umeme. "Kule courant haikatike. Nimeishajenga sanduku ya vioo, maji na chumvi iko tayari. Inabakia yeye tu."

Kwenye mlima mkono wake ukachoka. Samaki akapanda juu, mdomo wazi. Mama akainyakua pampu.

"Lete! Miye sikubali," akasema huku akisukuma, "kulisha samaki hewa, na bantu banalala njaa!"

"Lakini hakule bukari yabo, mama."

Lori liliposimama Koni walikuwa bado wanabishana. Mama alipaswa kushuka zamani, lakini alikuwa bado anasukuma.