Salamu za Mzee Aminieli kwa Watu wa Chini ya Ndiva

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Ni mimi Asteria wenu, hapa Same mjini. Leo sianzi na muziki, mniwie radhi.

Tunamkumbuka Mzee Aminieli, mgawa maji wa ndiva moja huko milimani, juu ya Gonja. Alifariki tarehe kumi na nne mwezi huu wa Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ninyi mnaonisikia kutoka tambarare, Kwakoa na Nyumba ya Mungu, ndiva ni bwawa dogo la jadi la sisi Wapare. Jioni linajazwa maji ya kijito, asubuhi kizibo kinachomolewa, mashamba yanapata maji kwa zamu. Mzee Aminieli alichomoa kizibo hicho miaka ishirini na miwili.

Sasa niwaambie habari ya karatasi, maana bila karatasi hamtaelewa kifo hiki.

Miaka minane iliyopita kulikuwa na semina kanisani kwao. Kila mtu aliambiwa aandike maneno atakayoishi nayo, ya kumsaidia kuamua mambo ya kila siku. Wengi waliandika pale pale. Upendo. Amani. Uvumilivu. Haooo, wakaenda kula pilau. Mzee Aminieli alirudi nyumbani na karatasi tupu, akakaa nayo wiki tatu. Mkewe, Mama Rogathe, aliniambia jana, "Nikamuuliza, Baba Eliaichi, hiyo barua unamwandikia nani, Rais? Akasema, najiandikia mwenyewe, ndiyo maana naogopa kuandika uongo."

Yalitoka maneno manne, moja akalikata. Lililokatwa lilisema, "Nitakuwa mpole." Mama Rogathe alicheka aliponionyesha, machozi yakimtoka. "Alijijua," alisema.

Yaliyobaki ni matatu. Zamu ni zamu, hata kwa ndugu yangu. Nikiogopa nitasema naogopa, hata nikichekwa. Siku ya hatari sitamwachia mtu mwingine maji yangu.

Aliibandika karatasi nyuma ya mlango kwa ugali wa moto. Hakutoka asubuhi bila kuisoma. Dada yake, Jenifer, aliwahi kuomba maji siku isiyo yake, mboga zake zilikuwa zinakauka. Mzee alimpeleka mpaka kwenye mlango, akamwonyesha neno la kwanza. Dada mtu hakumpa salamu mwaka mzima. Jamani, mzee huyu alikuwa mgumu, tusimsifu kwa uongo.

Mwezi wa pili mwaka huu aliona ufa kwenye ukuta wa ndiva. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Akachora mstari wa mkaa pale ufa ulipoishia. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umevuka mstari. Akachora mwingine. Ukavuka tena. Mwezi wa tatu jani la tangawizi lilipenya humo. Mwishoni mwa mwezi, kidole chake cha shahada. Nimeuona upande wa ukuta uliobaki umesimama. Mistari ya mkaa ni kumi na mmoja, na tarehe zake.

Alisema ndiva isijazwe. Lakini masika yalichelewa, tangawizi zilikuwa zinanyauka, na watu wana watoto wa kulisha. Katibu wa kamati ya maji, Bwana Zefania, amenikubalia niyaseme maneno yake mwenyewe. "Nilimwambia, mzee, shamba linakufa, wewe unatuletea habari za mkaa? Tukamnyang'anya zamu ya kizibo, tukampa mwenzetu Chande. Ndiva ikajazwa mpaka mdomoni." Amesema hivyo akiangalia chini.

Wasikilizaji wapendwa, mimi je? Hapo ndipo pananiuma.

Siku nne kabla ya kifo chake, Mzee Aminieli alipiga simu hapa, kwenye kipindi changu cha salamu. Nikamwambia shikamoo mzee. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi naogopa. Ndiva yetu ina ufa." Nilicheka. Kicheko changu kipo kwenye rekodi, nimekisikiliza mara tatu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa ni salamu tu! Taja majina, chagua wimbo, wenzako wanasubiri." Kisha akataja majina manne, taratibu. Nikayasoma haraka haraka, nikapokea simu nyingine. Sikujua kwamba hao ndio wenye nyumba nne zilizokuwa chini ya ukuta.

Usiku wa kuamkia tarehe kumi na nne mvua ilimwagika huko juu. Alfajiri Mzee Aminieli alisimama mbele ya mlango wake. Mama Rogathe akamwambia, "Baba Eliaichi, si zamu yako tena." Aliweka kidole kwenye neno la tatu, akatoka.

Alianzia chini. Aligonga nyumba zote nne kwa fimbo. "Beba mtoto, acha sufuria!" Walipotoka wote, akapanda kwenye ndiva. Chande alikuwa tayari yupo pale chini ya ukuta, anahangaika na kizibo kilichokwama kwenye tope. Chande anasema, "Alinishika kola. Akasema, toka hapa, kahesabu watoto wa Respicius. Nikatoka, yeye akashika kizibo. Nilipofika kwenye migomba nikasikia ukuta ukipasuka."

Maji yalipita katika nyumba zote nne. Hamkuwa na mtu hata mmoja ndani.

Mama Rogathe, Eliaichi, dada Jenifer, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa redioni. Na mimi naomba radhi, Mama, mbele ya watu wote wanaonisikia. Ninyi wasikilizaji, nawaomba kitu kimoja. Chukueni karatasi leo. Msiandike upendo na amani mkaenda kula. Andikeni neno mtakaloliweza siku ukuta unapopasuka. Mimi nimeandika moja tu, lipo hapa mbele ya kipaza sauti. Anayeniambia anaogopa, sitamcheka.

Sasa nazisoma upya salamu za Mzee Aminieli, taratibu, kama alivyozitaja yeye. Zimfikie Paschal na mama yake. Zimfikie Shamimu na mtoto mchanga. Zimfikie Respicius na watoto wake wanne. Zimfikie Bibi Mwanamkasi, anayeishi peke yake.

Wote wapo. Wananisikiliza sasa hivi, wamekaa nyumbani kwa Mama Rogathe.

Wimbo hakuchagua. Alisema, "Chagua wewe, mwanangu." Nimekaa na kazi hiyo tangu asubuhi, nimeshindwa. Tunyamaze dakika moja.