Filimbi Niliyoichukua Mkononi mwa Mama Yenu

Kwa jina la Mungu aliyenipa pumzi na ambaye sasa anaidai. Sogezeni viti, wanangu, Shema na wewe Ineza, mkae upande huu wa kitanda, kwa maana sikio la kushoto limekwisha kazi yake, na daktari amenieleza bila kunificha kwamba moyo wangu umechoka na maji yamepanda kifuani. Nimewaita alasiri, jua likiwaka, ili kesho asije mtu kusema kwamba Mudathiru aliweweseka. Huwa mnanicheka kwamba nasema kama mtu wa redio, kwa sababu ya Kiswahili nilichokileta kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam pamoja na shahada yangu ya hesabu. Leo nivumilieni. Sitaki neno hata moja lipotee.

Miezi minne imepita tangu tumzike Murekatete, mama yenu. Tangu siku ile sijasema mengi, nanyi mmedhani ni huzuni peke yake. Ilikuwa huzuni, lakini ilikuwa na aibu pia, na mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo afadhali niyafichue mwenyewe.

Nianze na mali, kwa kuwa hiyo ni rahisi. Nyumba hii na duka la barabara ya soko ni vyenu ninyi wawili. Dini yetu inampa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, desturi ya milima hii haimpi kitu, na huko Kigali nasikia wanajadili sheria ya kuwasawazisha. Mimi siwezi kukulazimisha, Shema, maana wosia hauongezi fungu la mrithi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Nakuomba tu uridhie kwamba mtagawana sawa kwa sawa. Umeinamisha kichwa. Kichwa hakitoshi, nataka kusikia sauti yako.

Vema. Mungu akulipe. Ineza, umesikia, nami nimesikia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niwaite, nalo ni uwanja ulio chini ya barabara ya ziwani, mita thelathini kwa ishirini, nilioachiwa na babu yenu, ambamo mama yenu alisimamisha nguzo mbili mwaka wa tisini na sita. Mnajua ulivyoanza. Wanawake wa Busasamana na Mudende walikuwa wakishuka na viazi na kabichi, wanafika kabla kizuizi cha mpaka hakijafunguliwa saa kumi na mbili, kisha wanakaa juu ya magunia yao kusubiri kuvuka kwenda Goma, baridi ya ziwa ikiwatafuna. Mama yenu, aliyecheza mpira wa wavu alipokuwa msichana wa shule Nyundo, aliwatazama wiki nzima, halafu asubuhi moja akawaendea na mpira kwapani.

“Bamama,” aliwaambia, “kuliko kutetemeka hivi, si mucheze?”

Nyirasafari, muuza viazi mnayemfahamu, alicheka mpaka akashika kiuno. “Mama Shema, mi niko na watoto sita! Nikiruka, kitu kitaanguka!”

“Kikianguka tutakiokota. We ruka.”

Akaruka. Wakaruka wote, na vikwembe wamevikaza juu ya suruali za waume zao, na kizuizi kilipofunguliwa walichukua mizigo yao wakavuka wakiwa na jasho. Wanaume wa mjini walisema mchezo ule utawaharibu matumbo wasizae tena. Mimi nilihesabu, kama kawaida yangu: gunia la viazi lina kilo hamsini, na kutoka Mudende mpaka mpakani ni saa tatu kwa mguu, na katika miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kumsikia mwanamume hata mmoja akiliogopea tumbo la mwanamke chini ya gunia. Walianza kuliogopea siku lilipoanza kufurahi.

Kuna jambo jingine niliona pale, nalisema polepole kwa sababu ni zito. Katika timu ile alikuwamo mjane wa mauaji ya mwaka wa tisini na nne, na alikuwamo mke wa mfungwa wa mauaji hayo hayo, nao sokoni walikuwa hawasalimiani, kila mmoja akiuzia upande wake. Lakini katika mpira wa wavu huwezi kumpa mwenzako mpira bila kumwita. Mama yenu aliwapanga bega kwa bega, na hakutoa hotuba yoyote. Mwezi wa kwanza walisema “wewe”. Mwezi wa tatu waliitana kwa majina. Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya amani, Shema, na sijaona ukurasa uliofanya kazi ile.

Sasa sikilizeni kosa langu. Walipotaka kuiandikisha timu, fomu iliuliza jina la rais wake, na afisa aliyekaa mezani alisema mwanamke aliyeolewa alete kwanza idhini ya mumewe. Ningeweza kuandika idhini ile, mistari miwili ingetosha. Badala yake, ili kufupisha safari, niliandika jina langu mahali pa rais, na jina la mama yenu nikaliweka chini, mahali pa mjumbe. Nikamwambia ni karatasi tu. Aliisoma fomu ile mara mbili, akasema, “Bon, Mwalimu. Karatasi tu.” Yeye ndiye aliyetafuta mipira, yeye aliyekwenda kuwatazama wagonjwa, yeye aliyebishana na madereva wa malori ili timu isafiri. Mimi nilipiga mhuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ule ufa niliupaka rangi nikauita ukuta.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, alikwenda Kigali wiki mbili kujifunza uamuzi, akarudi na cheti na filimbi nyeusi shingoni. Na tarehe nane Machi mwaka huu, siku ya wanawake, mbele ya watu wasiopungua mia tatu, alikuwa achezeshe mechi yake ya kwanza. Ninyi nyote wawili mlikuwapo, kwa hiyo mnajua nililofanya, ila hamjui nilivyofika pale.

Nilikuwa nimekaa na wazee. Ndayisaba, jirani yetu wa dukani, aliinama sikioni mwangu, lakini kwa sauti ya kusikiwa na safu nzima. “Mwalimu, ni bibi yako njo atapiga filimbi? Kirazira! Mwanamuke akipiga mluzi anaita mabaya kwa nyumba.” Akaendelea, “Kuku jike haiwike penye jogoo iko. Ama jogoo ya kwako ilikufa?” Wakacheka. Nanyi mnajua kirazira hiyo, mwiko huo, ulivyo mkongwe kwetu, bibi zetu walikatazwa kupiga mluzi kama walivyokatazwa kupanda juu ya paa, na hakuna aliyewahi kutueleza sababu.

Nikainuka. Sikukasirika, na hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilikwenda kwa upole kabisa. Niliingia uwanjani, nikanyoosha mkono, nikamwambia, “Nipe, nitapiga mimi, wewe onyesha tu kwa mkono.” Niliona nimepata jibu linaloridhisha pande zote mbili, kama mtu anayesawazisha hesabu. Alinitazama muda wa kuvuta pumzi moja, akaivua shingoni, akanipa. Akachezesha mechi nzima kwa kuinua mikono, na kila alipoinua mimi nikapiga. Watu wakanipigia makofi. Mimi nikainama kuyapokea.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele kidogo. Kwenye kona ya msikiti alisimama akanigeukia. “Asante, Mwalimu,” alisema. “Leo umenisaidia kukuwa bubu.” Hakulia, hakupaza sauti, na alipofika akapika kama kawaida. Nilijiambia nitamrudishia heshima yake mechi ijayo. Hakukuwa na mechi ijayo. Homa ilimchukua siku tisa, mwezi wa nne ukiwa haujafika nusu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya mazishi ililetwa barua ya rambirambi kutoka kwa wakubwa wa michezo. Ineza, wewe ndiye uliyenisomea. Ilisema, kwa Bwana Rais, mwanzilishi wa timu ya wanawake, tunakupa pole kwa kufiwa na mke wako aliyekuunga mkono katika kazi yako. Aliyeniunga mkono. Katika kazi yangu. Nililala na barua ile chini ya mto wiki nzima, na kila neno lake lilikuwa sahihi kwa mujibu wa karatasi niliyoijaza mwenyewe.

Halafu ukaja wewe, Shema. Sikulaumu, tulia, usinyanyuke. Ulisema uwe rais baada yangu, Ndayisaba awe makamu, na nusu ya uwanja iegeshwe malori yako, kwa sababu, ulisema, “Baba, bale bamama bila mwanaume hawatapata hata karatasi moja.” Mwanangu, nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako. Ulichosema hukukizua, ulikirithi, na huo ndio urithi ninaotaka kuuvunja kabla sijafa.

Kwa hiyo andikeni mioyoni. Dini inaniruhusu kuwausia wasio warithi wangu mpaka theluthi moja ya mali. Nimepima, nimekadiria, nimemwonyesha shehe: uwanja haufiki theluthi. Nauacha kwa timu, kwa majina ya wanawake ishirini na sita walioandikwa, ila la Ineza aliye mrithi, na mashahidi wawili wameshatia sahihi. Hauegeshwi lori. Hauuzwi na mmoja wao peke yake. Na urais niliouandika kwa kalamu yangu nimeuachia kwa kalamu hiyo hiyo. Barua ya kujiuzulu ipo chini ya msahafu, ichukueni.

Ineza, najua unatazama nini. Hata wewe sikupi. Umecheza vizuri kuliko wote, na una macho ya mama yako, lakini nikikukabidhi kiti kwa kuwa wewe ni damu yangu nitakuwa nimekichukua kwao mara ya pili. Ukikitaka, kiombe kwao kama mwingine yeyote. Ukishindwa, cheza.

Na Ndayisaba, msimchukie. Nilikataa salamu yake miezi minne, na ilikuwa dhuluma, kwani mdomo ulikuwa wake lakini mkono ulikuwa wangu. Mwambieni nimemsamehe, naye akinisamehe basi. Akija kuwaomba wanawake wale nafasi ya umakamu, wamjibu wao.

Nizikeni kwenye makaburi ya Waislamu. Msinipeleke Nyundo, kwenye makaburi ya kanisa, alikolala yeye. Tuliishi miaka ishirini na sita kila mtu na sala yake, na tutalala hivyo hivyo. Kwenye mazishi, asiniite mtu rais. Mwalimu inatosha.

Nipeni maji. Kidogo.

Wanawake wamefika, nawasikia uani. Niliwaita wachague leo, ningali hai, ili asiwepo wa kudai kwamba niliacha neno lingine sirini. Ineza, nenda nje. Mchezaji hakai kando ya kitanda wenzake wakipiga kura. Nenda, binti yangu. Futa uso kwanza.

Shema, simama dirishani, uwe jicho langu. Jicho tu, usiwaambie kitu. Wanafanyaje? Mistari? Kama tulivyofanya mwezi wa tatu kwenye uchaguzi wa mtaa, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Vema, hiyo haina ujanja. Nani amesimama mbele? Nyirasafari. Nilijua. Ni mtu imara, mama yenu alimtegemea. Na mwingine? Sema tena.

Dative? Yule fundi cherehani?

Hesabu. Hesabu mara mbili, na usiharakishe... Ineza yuko nyuma ya nani? Hapana, usiniambie.

Kumi na saba kwa Dative. Tisa kwa Nyirasafari. Ishirini na sita. Imetimia.

Dative. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya wote akasema wavu niliouning'iniza ulikuwa na kimo cha wanaume, mita mbili na sentimita arobaini na tatu, na kwamba wa wanawake ni mbili na ishirini na nne, nami nikamwambia arudi kwenye cherehani yake, nikaona haya kuushusha kwa miezi mitatu. Alikuwa sahihi. Hanipendi, na ana haki. Mimi ningemchagua Nyirasafari, Shema. Ningemchagua bila kufikiri... Lakini hawakuniuliza.

Hawakuniuliza. Sikia jambo hilo, mwanangu, lilivyo zuri.

Mpelekee barua. Mpe mkononi, kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mkubwa. Usimwambie Baba ameridhika. Ridhaa yangu haitakiwi... Mpe, urudi.

Umerudi, vema. Mungu awazidishie, wewe na dada yako. Awape miguu ya kwenda na masikio ya kungoja. Asiwape mkono kama wangu... Na wale wa uani, awape asubuhi nyingi, kizuizi kikiwa wazi au kimefungwa.

Kelele hizo ni nini? Wameanza kubishana tayari? Juu ya nini?

Waache. Usiende kuwaamua. Fungua dirisha, nisikie... fungua lote.